Dar hadi Songwe kwa ndege: tupeane uzoefu

Kaka wa Uyole
Wakuu, jana nilikwenda Songwe, uwanja wa ndege wa Mbeya, kumpokea mdogo wangu. Tiketi ilisema anatua saa 2 asubuhi, nikampata saa 11 jioni, hoi. Nimekumbuka safari zangu zote. Mliopita njia hii, leteni zenu.

Mbalizi Damu
Kilomita 830 hizo, msichukulie poa.

Fundi Bawa
830 ni za lami mkuu, kupitia Morogoro, mlima Kitonga, Mafinga, Makambako. Angani ni kama 690. Jeti inazikata kwa saa moja na dakika chache, ndege ya pangaboi inakaribia saa moja na nusu.

Mbalizi Damu
Nauli nalipa mimi, kilomita unanihesabia wewe?

Binti Rungwe
Mmenigusa. Baba alifariki Tukuyu, mwezi wa tatu, mvua zimechachamaa. Mazishi saa 8 mchana, nikakata tiketi ya saa 12 asubuhi nikijua saa 4 niko nyumbani. Suti ya kumzikia nilikuwa nayo mimi, nimeipakata. Kufika juu ya Songwe ukungu umetanda. Tukazunguka. Ndege ikashuka, tukaona weupe mtupu, ikapanda tena kwa nguvu hadi watoto wakalia. Mara ya pili vilevile. Dirishani nauona Mlima Rungwe umetokeza kichwa juu ya mawingu, kwetu kabisa, na rubani anatangaza tunarudi Dar. Nililia hadi abiria wa jirani akanishika mkono.

Dar tukaambiwa tusubiri. Saa 8 ikafika tumekaa palepale. Kaka akapiga simu: "Dada, tunateremsha." Nilisikia udongo unagonga jeneza kupitia simu. Usiku nikapanda basi, nikafika kesho yake kaburi lina maua.

Mama Soweto
Pole sana mwanangu. Mungu ampumzishe mzee.

Fundi Bawa
Pole dada. Rubani ana kimo chake cha mwisho cha kushuka, akikifikia hajaiona njia ya kutua lazima apande. Alifanya sawa, ingawa kwako iliuma.

Mbalizi Damu
Sasa hayo ni ya kumwambia mfiwa?

Binti Rungwe
Mwacheni. Hata mimi nilitaka kujua.

Mzee Forest
Kabla ya Desemba 2012 tulikuwa tunatua uwanja wa zamani hapahapa mjini, na ukungu ulikuwepo pia. Kama una msiba au mtihani, nenda siku moja kabla. Ndege ya asubuhi usiiamini.

Mama Soweto
Ya mchana ndiyo inayoahirishwa hadi kesho! Bora asubuhi, ikishindikana una siku nzima ya kuhangaika.

Dereva Igawa
Pandeni basi. Basi haligeuzi kurudi Dar kwa sababu ya ukungu.

Mwana Iringa
Lori likilala Kitonga na wewe unalala nalo, kaka. Mimi kutoka Nduli, uwanja wetu wa Iringa, hadi Songwe ni kama kilomita 300 tu kwa mstari, lakini kila mara nakwenda kwa gari, na Makambako lazima nile.

Kaka wa Uyole
Binti Rungwe, suti ikawaje?

Binti Rungwe
Mzee alizikwa na koti lake la kanisani, lile la kila Jumapili. Suti anayo kaka, aliifungia ndoa mwaka uliofuata. Ndaga fijo, yaani asanteni sana, kwa pole zenu.