Kupunguza chumvi kwa mwenye shinikizo la damu

Muulizaji: Ndugu zangu, daktari amenieleza kwamba shinikizo langu la damu limeanza kupanda, akanishauri nipunguze chumvi na nifanye mazoezi. Je, chumvi isizidi kiasi gani, nami nitakulaje chakula kisicho na ladha?

Jibu la 1: Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima atumie chini ya gramu 5 kwa siku, yaani pungufu kidogo ya kijiko kimoja cha chai, na kiasi hicho kinajumuisha chumvi iliyomo tayari katika mkate, soseji na supu za pakiti, ambayo wengi wetu huisahau. Ipunguze hatua kwa hatua, kwa kuwa ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Ndimu, kitunguu saumu na tangawizi vitakusaidia.

Jibu la 2: Nakubali, ila mwenye ugonjwa wa figo asitumie chumvi mbadala yenye potasiamu kabla ya kumwuliza daktari.

Jibu la 3: Kuhusu mazoezi, lenga angalau dakika 150 za kutembea kwa kasi kila wiki, ukizigawa upendavyo.

Muulizaji: Asanteni. Nikiandikiwa dawa, naweza kuziacha vipimo vikishuka?

Jibu la 1: Usiziache mwenyewe, kwani huenda vipimo vimeshuka kwa sababu ya dawa hizo hizo.