Tupeane uzoefu: nani alikushika mkono kwenye michezo, au wewe umemshika nani? (Uganda)

Muuza Spea, Kisekka (mwanzisha mada)

Habari zenu ndugu. Mimi nauza spea za magari hapa Kisekka, Kampala. Kiswahili changu ni cha kambini, mzee wangu alikuwa askari pale Jinja, kwa hiyo mkiona lugha inapiga saluti mnivumilie.

Wiki iliyopita aliingia kijana dukani kuulizia shokapu za Premio. Nikampa bei, akabaki ananitazama tu. "Kocha, hunijui?" Kumbe ni mmoja wa watoto niliowafundisha mpira Bwaise, mtaa wa mabanda hapa Kampala, mwaka 2016! Sasa ni fundi magari Nansana, na jioni anafundisha mpira watoto ishirini na kitu. Shokapu hakununua. Alikuja kuniuliza swali moja: "Sisi ulitufanyaje mpaka tukawa hatukosi mazoezi? Wangu wanakuja wakitaka."

Nikamweleza hivi. Goti lilikuwa limeshanitoa kwenye ligi za chini huku, biashara ikaanza kukaa vizuri, nikajiambia sasa nirudishe kidogo mtaani. Nikanunua mipira miwili na jezi. Jumamosi walikuja watoto thelathini. Jumanne wanne. Jumanne iliyofuata wanne walewale. Nikasema hawa ni wavivu, watoto wa siku hizi, maneno yetu yale ya wazee. Siku moja nikakutana na winga wangu amebeba gunia la chupa za plastiki na vyuma chakavu, limemzidi yeye mwenyewe. Kumbe Jumanne ndiyo siku lori la chuma chakavu linakuja Bwaise na mizani yake. Asiyepimisha siku hiyo, kwao usiku huo hakuna sufuria jikoni.

Nikahamisha mazoezi Jumatano na Ijumaa. Halafu nikaanza uji. Jirani yangu alikuwa na sufuria kubwa la matangani, nikanunua unga, sukari na karanga za kusaga. Sharti lilikuwa moja, kila mtoto aje na kikombe chake. Wa kwanza alikuja na kifuniko cha chupa ya chai, kile cha juu cha kumiminia, anakishika kwa ncha za vidole kwa sababu kinaunguza. Hakukiweka chini mpaka uji ukaisha. Tangu siku ile mahudhurio sikuyahesabu tena.

Baadaye ikaja kampuni moja, jina nalihifadhi. Walileta jezi zenye nembo kubwa kifuani na mpiga picha wao. Watoto wakaambiwa wakanawe miguu kwanza ndipo wapigwe picha. Zile jezi zilikuwa za watu wazima. Hatukuwaona tena, ila sitawalaumu sana, watoto walizifanya shuka na Bwaise mvua ikinyesha mnajua mafuriko yake.

Basi leteni yenu. Wanamichezo, wafanyabiashara, mliosaidiwa, mliotapeliwa. Wote karibuni.

Mwalimu wa Mlimani, Kapchorwa

Kaka Muuza Spea, hapo kwenye kikombe umenigusa.

Huku Sebei, upande wetu wa Kapchorwa, watu wanadhani tumemaliza matatizo kwa sababu ya medali za riadha. Kweli, tarehe 2 Agosti 2024 Joshua Cheptegei alipochukua dhahabu ya mita 10,000 Paris kwa dakika 26:43.14, rekodi ya Olimpiki, kijijini kwetu hakulala mtu. Na yeye amerudisha nyumbani, amejenga shule hapa Kapchorwa, hilo tunaliona kwa macho. Ninachopenda kuwaambia wanafunzi wangu ni kwamba utotoni alianza na mpira wa miguu, akajaribu kuruka chini na miruko mitatu, ndipo akaingia kwenye mbio. Mtoto asipopata nafasi ya kujaribu na kushindwa, utajuaje kipaji chake kiko wapi?

Shida yangu mimi ni wasichana. Peruth Chemutai wa Bukwo alikuwa mwanamke wa kwanza wa Uganda kushinda dhahabu ya Olimpiki, Tokyo 2021, mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Baada ya hapo wazazi wengi huku walianza kusema "mwache akimbie." Kabla yake lilikuwa neno gumu. Sheria ya kupiga marufuku ukeketaji ipo tangu 2010, lakini sheria haiji nyumbani kwako saa kumi na mbili jioni binti anapoambiwa ameshakuwa mtu mzima na mbuzi wameshahesabiwa.

Mwaka juzi nilikuwa na mabinti wawili wa mita 1,500 na jozi moja ya spaiki, vile viatu vya mbio vyenye misumari. Mmoja anavaa namba 37, mwingine 39. Tulinunua 39. Mdogo alikuwa anajaza soksi mbili mbele. Kwenye mashindano ya wilaya niliomba wasipangwe mchujo mmoja. Wa kwanza akimaliza tu anakaa chini pale pale kwenye mstari, anavua, anarusha viatu juu ya vichwa vya watu, mwenzake anadaka na kuvaa huku refa anaita majina. Watu walicheka sana. Mfanyabiashara mmoja wa kahawa, yule anayenunua arabika kwa wakulima wetu, alikuwa amesimama pembeni na hakucheka. Jumatatu akaja shuleni akauliza, "Wale watoto karo yao ikoje?" Nikamwambia ninachoomba mimi ni viatu. Akasema viatu nunua wewe mwalimu, mimi nitalipa karo, kwa sababu akifukuzwa shule huyo viatu atakimbilia wapi?

Amelipa mpaka sasa. Hataki hata kutajwa kwenye mkutano wa wazazi. Viatu nilinunua kweli, mshahara wangu ulilia.

Mlipa Kodi, Mbarara

Mtanisamehe, mimi sipendi hadithi hizi. Kwa nini mtoto asubiri muuza kahawa awe na moyo mzuri? Serikali iko wapi? Huyo tajiri akifa au akifilisika itakuwaje?

Afande Mstaafu, Luzira

Mlipa Kodi, swali lako ni zuri na mimi nitalijibu upande mmoja, maana nimekula chakula cha serikali miaka mingi.

Riadha ya nchi hii imelelewa na majeshi. John Akii-Bua, aliyeshinda Olimpiki ya Munich 1972 mita 400 viunzi kwa sekunde 47.82 na kuvunja rekodi ya dunia, alikuwa polisi. Tukakaa miaka 40 bila dhahabu ya Olimpiki mpaka Stephen Kiprotich aliposhinda marathoni London 2012, naye ni wa Magereza, mwenzangu. Cheptegei, polisi. Hii si bahati. Mwanariadha akishaandikishwa anapata mshahara mwisho wa mwezi, anakula, ana daktari, na ana mtu wa kumwamsha kwa filimbi asubuhi. Na Kiswahili anajifunza bure, hehe.

Lakini hatuandikishi mtoto wa miaka kumi na miwili. Mpaka afike kwetu, nani amembeba? Mwalimu kama huyo wa mlimani na muuza kahawa wake. Sisi tulikuwa tunavuna tu, shamba lililimwa na wengine. Nasema hivyo nikiwa na pensheni yangu mkononi.

Mama Cherehani, Arua

Salaam aleikum wapendwa. Mimi nashona. Nina vyerehani vitatu sokoni Arua, nashona sare za shule na sketi za netiboli. Huku netiboli ni jambo kubwa kwa sababu Peace Proscovia ni wa kwetu Arua, kacheza hadi Uingereza na Loughborough Lightning, basi kila msichana mrefu mtaani anaitwa Peace hata kama jina lake ni Amina.

Kwenye timu yetu ya mtaani wako watoto wa hapa na wako waliotoka Sudan Kusini, wengine wana ndugu zao kambi ya Bidi Bidi kule Yumbe. Lugha uwanjani ni Kilugbara, Kinubi, Kiarabu cha Juba na Kiswahili, vyote kwa mpigo. Refa anapuliza tu filimbi, anamwachia Mungu.

Nilianza kwa kushona zile aproni za herufi zinazoonyesha nafasi ya mchezaji, GA, GS, WD. Nikadhani huo ndio mchango wangu, umekwisha. Nikaanza kuona GS wetu, yaani mfungaji, anapotea siku nne tano kila mwezi. Nikamwuliza mama yake, akasema tumbo. Nikamwuliza tena, tukiwa wawili tu, akasema hana pedi. Huyo ndiye mfungaji wetu, mnaelewa? Tunafungwa mechi kwa sababu ya pedi!

Mimi vipande vya kitambaa nilikuwa navitupa kila jioni. Sasa navikusanya, pamba ndani, flana juu, nashona pedi za kufua. Za kwanza zilikuwa mbaya, zilikuwa nene kama godoro, wasichana walizikataa wakicheka. Nikarekebisha mara tatu. Sasa kila mchezaji ana tano, na jambo ambalo sikulitegemea, kina mama sokoni wameanza kununua. Cherehani moja kati ya zile tatu inajilipa kwa pedi. Mlipa Kodi, kwa hiyo si lazima awe tajiri mwenye moyo mzuri, inaweza kuwa biashara pia.

Mlipa Kodi, Mbarara

Mama, hapo umenikamata. Nimenyamaza kidogo, si sana.

Njumu Zilizoning'inia

Mimi ni yule wa kutapeliwa uliyemwita.

Nilikuwa na miaka 16, beki wa kushoto, naishi na mama Ndeeba. Alikuja mtu mwenye koti zuri akasema ni wakala, anachukua vijana kwenda kufanya majaribio nje. Akasema kipaji changu kinaoza hapa. Alitaka shilingi 1,200,000 za pasi, viza na "faili." Mama aliuza friji yake ya kuuzia soda, ndiyo ilikuwa biashara yenyewe. Tulikuwa vijana tisa. Alitupeleka kwa basi hadi Nairobi, tukalala nyumba ya wageni siku tatu, siku ya nne hakuonekana na simu imezimwa.

Nauli ya kurudi alinitumia kocha wangu wa zamani, na hakuniuliza kitu. Njumu nilizitundika msumarini na ziko hapo hadi leo.

Nawaomba mnaofundisha watoto, waelezeni wazazi wazi kabisa: klabu inayomtaka mchezaji kweli haimwombi mama yake auze friji. Mkiwafundisha pasi na kona bila kuwafundisha hilo, mnawanenepesha kwa ajili ya watu kama yule.

Muuza Spea, Kisekka

Pole sana mdogo wangu. Hilo mimi sikuwahi kuwaambia wangu, nasema kweli. Nimemtumia fundi wa Nansana maneno yako kama yalivyo.

Mtoto wa Katwe

Nimesoma habari za uji nikacheka peke yangu kwenye teksi. Mimi nimekulia Katwe, mtaa wa mabanda Kampala. Wote mnamjua Phiona Mutesi, aliyefika Olimpiki ya chesi Istanbul 2012 na kurudi na cheo cha kimataifa. Kocha wake, Robert Katende, alikuja mtaani kwetu na mpira, chesi aliileta kwa wale ambao mpira hawauwezi. Na inajulikana kwamba Phiona siku ya kwanza alifuata kikombe cha uji. Uji, wakubwa! Tena mimi nilikuwa nadharau, nasema wale wanacheza mchezo wa kukaa. Njaa yangu nilikuwa naitibu kwa rolex ya kukopa, ile chapati ya kuviringishia mayai.

Sikuwa mchezaji wa chochote. Nilichopata mimi kwa michezo ni ajira: nilikuwa naandika matokeo ya mechi za mtaa ubaoni kwa chaki, mwenye duka la mbao akaona mwandiko, akaniita nimtunzie daftari la mauzo. Mpaka leo nafanya hesabu. Kwa hiyo mnapowahesabu mliowasaidia, muwahesabu na waliokuwa nje ya mstari.

Stejini Busia

Sisi boda wa stejini kwetu Busia tulikuwa tunachanga shilingi 500 kila mtu kila siku kwa timu ya watoto. Tuko arobaini. Iliendelea vizuri miezi minane, mweka hazina akaoa. Mengine mtamalizia wenyewe. Tumeanza upya, sasa daftari linakaa kwa mama muuza chapati, yeye haogopi mtu.

Mwalimu wa Mlimani, Kapchorwa

Haha, poleni Busia. Kaka Muuza Spea, samahani naomba nitumie nafasi. Yule wa namba 37 sasa yuko kidato cha pili na soksi bado anajaza. Huko soko la Owino, Kampala, spaiki za mitumba zinapatikana? Huku Mbale nimezunguka, zipo za wakubwa tu.

Muuza Spea, Kisekka

Mwalimu, kuna mzee ana kibanda upande wa viatu, anazitenga kwa sababu watu wanadhani ni njumu zilizoharibika. Nimetoka kwake sasa hivi. Zipo 37 jozi mbili, moja imepungukiwa misumari miwili mguu wa kulia, lakini mimi ni mtu wa spea, hiyo nitaitafuta. Zote mbili 45,000 baada ya kubishana. Nimelipa, tutaelewana baadaye.

Mzigo nampa kondakta wa basi la usiku, anapita Mbale alfajiri. Nimeandika juu ya boksi "mwalimu wa mbio." Usizime simu.