Kupandikiza mafuta usoni pamoja na upasuaji wa mifupa: nifanye vyote siku moja au nisubiri?

Mkaazi wa Oakland

Assalamu alaykum, na heri kwenu nyote. Mimi ni mwanamke niliyebadili jinsia, mzaliwa wa pwani ya Kenya, na kwa sasa ninaishi California. Ninatumia estrojeni, yaani homoni ya kike, ingawa mwaka bado haujatimia. Nimepata daktari wa upasuaji wa kuufanya uso uwe wa kike, ambaye atapunguza mfupa unaotokeza juu ya macho, atasogeza mstari wa nywele mbele kidogo, na atachonga pembe za taya pamoja na kidevu. Hayo yote nilikuwa nimejiandaa nayo. Katika mazungumzo yetu ya mwisho, hata hivyo, aliongeza jambo ambalo sikulitarajia: anapendekeza anyonye mafuta tumboni au mapajani mwangu na kuyapandikiza mashavuni, kwenye mapanja na chini ya macho, wakati nikiwa bado katika nusu kaputi ileile.

Ninaomba kuelewa kama jambo hili lina umuhimu wa kweli au ni nyongeza tu, hasa kwa kuwa homoni nazo zinasemekana kuujaza uso zenyewe. Nimesikia pia kwamba sehemu ya mafuta hayo hupotea baada ya miezi michache, na kampuni yangu ya bima imekwisha kutamka kwamba sehemu hiyo ya matibabu ni urembo, hivyo haitailipia. Nisingependa kulipa fedha nyingi kwa kitu kitakachoyeyuka. Ninatanguliza shukrani.

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji

Wa alaykum salaam, dada, na hongera kwa hatua uliyofikia. Ninafanya kazi ya uuguzi katika upasuaji wa uso na taya hapa Marekani, kwa hiyo nitaeleza yale ninayoyajua kutokana na kazi hiyo, ila uamuzi wa matibabu yako ubaki kati yako na daktari wako.

Ni vizuri kuanza na mfupa, kwa sababu kazi ya mafuta haieleweki bila huo. Upasuaji unaokwenda kufanyiwa ulizaliwa ng'ambo ya pili tu ya ghuba unakoishi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Douglas Ousterhout, daktari bingwa wa upasuaji wa fuvu na uso mjini San Francisco, aliombwa kumsaidia mwanamke aliyebadili jinsia aliyetaka uso wake uache kuonekana wa kiume. Ousterhout aliurudia utafiti wa vipimo vya mafuvu ili atambue hasa ni nini kinachoutofautisha uso wa mwanamke na wa mwanamume, na mwaka 1987 akachapisha makala juu ya paji la uso, akieleza kwamba baadhi ya watu hutosheka kwa kukwanguliwa mfupa wa juu ya macho, ilhali wengine huhitaji ukuta wa mbele wa uwazi wa hewa uliomo ndani ya mfupa huo ukatwe na kurudishwa nyuma. Nimelitaja hili ili uone kwamba msingi wa kazi nzima ni mifupa. Mafuta huongeza ujazo, wala hayapunguzi chochote, na paji lililotokeza au taya pana haviwezi kufichwa kwa kujaza mashavu bila uso wote kuonekana mkubwa kupita kiasi.

Hata hivyo daktari wako hajakosea kulitaja jambo hili. Taya inapopunguzwa, ngozi na nyama zilizokuwa zimeegemea mfupa huo hupoteza sehemu ya egemeo lake. Kwa kawaida uso wa kike huwa umejaa sehemu ya juu ya mashavu, kisha ukawa mwembamba kadiri unavyoshuka kidevuni. Daktari akipunguza chini na kuongeza juu, kila kazi huipa nguvu nyenzake, na mara nyingine huweza kuchonga taya kwa kiasi kidogo zaidi kwa sababu shavu limekwisha kubadilisha uwiano wa uso. Mapanja nayo yakiwa yamebonyea, paji lililopunguzwa vizuri linaweza kuonekana bado na kingo kali pembeni, na hapo mililita chache za mafuta huzilainisha kingo hizo.

Sasa nije kwenye hofu yako ya kuyeyuka, ambayo ina msingi. Mafuta yanapotolewa mwilini hukatwa na damu. Siku za mwanzo huishi kwa oksijeni na virutubisho vinavyopenya kutoka kwenye majimaji ya jirani, mpaka mishipa midogo ya damu itakapoyafikia. Utafiti wa Wajapani umeonyesha kwamba chembe za mafuta zinazonusurika kwa uhakika ni zile zilizo ukingoni mwa kipande, katika unene wa takriban theluthi moja ya milimita. Zilizo ndani kidogo hufa na nafasi yake huchukuliwa na chembe changa, na zilizo katikati kabisa ya kipande kikubwa hufa na kuacha kovu au kifuko cha mafuta. Gustav Neuber wa Ujerumani, aliyehamisha mafuta ya mkono kujaza kovu la usoni mwaka 1893, alikuwa tayari ameona kwamba vipande vidogo hushika vizuri kuliko vikubwa. Miaka karibu 100 baadaye, Sydney Coleman wa New York aliweka utaratibu ambao wengi wanaufuata hadi leo: mafuta hunyonywa taratibu kwa bomba la sindano na si kwa mashine yenye nguvu, huzungushwa kwa mizunguko 3,000 kwa dakika kwa muda wa dakika tatu ili damu, maji na mafuta yaliyopasuka vijitenge, kisha huingizwa kwa kanula, yaani bomba jembamba lenye ncha butu, tone kwa tone, katika tabaka tofauti. Ni kama miche: ukiirundika shimo moja itakufa, ukiitawanya kila mmoja utapata udongo wake.

Pamoja na uangalifu wote huo, kiasi kinachobaki hutofautiana sana baina ya mtu na mtu, na takwimu zinazotajwa mara nyingi ni kati ya asilimia 30 na 70. Kile kilichobaki baada ya miezi mitatu hadi sita kwa kawaida hudumu, kwa kuwa kimekwisha kuwa sehemu hai ya uso wako. Kwa sababu hiyohiyo kitanenepa ukinenepa na kukonda ukikonda, tena mafuta yaliyotoka tumboni hubaki na tabia ya mafuta ya tumboni. Uzito wako uwe umetulia kabla ya siku hiyo. Ikiwa unavuta sigara au shisha, daktari atakutaka uache wiki kadhaa kabla na baada, maana nikotini huibana mishipa ileile midogo ambayo mafuta yanaitegemea.

Shangazi wa Toronto

Mwanangu, maelezo ya muuguzi ni mazuri na sina la kuyapunguzia, lakini kuhusu swali la siku moja au kusubiri nina maoni tofauti na ya daktari wako. Mimi nilitenganisha, na ningewashauri wengi wafanye hivyo, hususan aliye katika mwaka wake wa kwanza wa homoni.

Sababu ya kwanza ni estrojeni yenyewe. Mwongozo wa WPATH, chama cha kimataifa cha wataalamu wa afya ya watu waliobadili jinsia, wa mwaka 2022, yaani toleo la nane la miongozo inayotumiwa na madaktari wa fani hii, unaeleza kwamba mafuta ya mwili huanza kujipanga upya baada ya miezi mitatu hadi sita ya homoni, na kwamba mabadiliko hayo huweza kuendelea kwa miaka miwili hadi mitano. Mashavu unayoyaona leo kwenye kioo bado yanajengwa. Mifupa haibadilishwi umbo na estrojeni kwa mtu mzima, kwa hiyo hakuna unachopoteza kwa kuishughulikia mapema, lakini kujaza shavu ambalo huenda likajijaza lenyewe ni kulipia kitu unachoweza kukipata bila kisu.

Sababu ya pili ni uvimbe. Baada ya kuchongwa taya na paji, uso huvimba kiasi kwamba hata wewe mwenyewe hujitambui, na ingawa sehemu kubwa hupungua katika wiki chache, umbo la mwisho huchukua miezi mingi, wakati mwingine mwaka mzima. Nilipopandikizwa mafuta baadaye, daktari alikuwa anautazama uso uliotulia na aliweza kuona ni wapi hasa palipohitaji. Shavu langu la kushoto lilishika kuliko la kulia, ikabidi nirudi kwa nyongeza ndogo. Daktari alikuwa ameniambia mapema kwamba hilo huweza kutokea, na kwa kuwa ilikuwa ganzi ya sehemu tu, nilirudi nyumbani jioni ileile. Jiandae pia kwa maumivu ya pale mafuta yanapotolewa. Watu huuliza juu ya uso tu, kumbe paja lililonyonywa linaweza kuwa na michubuko na kuuma kuliko shavu.

Karani wa Madai ya Bima

Nitajibu kuhusu bima peke yake. Kupandikiza mafuta usoni kwa njia ya kunyonya kuna namba yake ya malipo Marekani tangu mwaka 2020, nayo ni 15773 kwa mililita 25 za kwanza au pungufu, na 15774 kwa kila mililita 25 zinazoongezwa. Kampuni nyingi huiona namba hiyo na kuandika neno urembo bila kusoma barua ya daktari. Kabla hujakata tamaa, omba uamuzi huo kwa maandishi pamoja na kifungu cha sera walichokitumia, kisha mwombe daktari aandike barua ya rufaa inayoeleza kwamba mafuta hayo ni sehemu ya matibabu ya uso kwa ajili ya jinsia yako, na itaje kwamba toleo la nane la WPATH linaorodhesha kujaza mashavu kwa mafuta miongoni mwa taratibu za uso. Barua isiyotaja kabisa ngozi iliyozeeka au makunyanzi ni bora zaidi. Rufaa haifanikiwi kila mara, ila kukataliwa mara ya kwanza si mwisho wa jambo.

Mkaazi wa Oakland

Nimewasoma wote kwa makini na ninawashukuru sana. Shangazi, hoja ya mfupa kwanza imeniingia. Ninaomba kuuliza jambo moja la mwisho, na ninaliuliza kwa kuwa nimekwisha kulisikia kwa wenzangu zaidi ya mmoja. Kuna watu wanaochoma sindano za kujaza mashavu majumbani kwa bei ndogo sana, wakisema ni kitu salama na kinachodumu maisha yote. Kama mafuta yangu mwenyewe hayana uhakika, kwa nini watu wasichague hiyo?

Muuguzi wa Chumba cha Upasuaji

Dada, usikubali, na tafadhali wazuie wenzako kwa upole lakini kwa uthabiti. Kinachochomwa majumbani kwa kawaida ni silikoni ya majimaji, tena mara nyingine ile isiyotengenezwa kwa matumizi ya mwili wa binadamu. Mwaka 2017 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo la umma dhidi ya kuchoma silikoni mwilini kwa ajili ya kubadilisha umbo. Silikoni hiyo huhama kutoka pale ilipowekwa, hujenga uvimbe mgumu hata baada ya miaka, na kuitoa yote karibu haiwezekani bila kukata ngozi na nyama zenye afya. Ikifika kwenye damu inaweza kwenda mapafuni na kuua. Wanawake waliobadili jinsia ni miongoni mwa walioumizwa sana na biashara hii, kwa sababu milango ya hospitali ilikuwa imefungwa kwao, na inaniuma kila ninapowaona wakija kwetu kutafuta msaada baadaye.

Anayetaka kujaribu umbo kabla ya kuamua ana njia ya kistaarabu zaidi, nayo ni kijazio cha muda kiitwacho asidi ya hayaluroniki, kinachowekwa na daktari. Haidumu, lakini ipo dawa ya kuiyeyusha mtu asipoipenda. Mafuta hayana dawa ya namna hiyo, na ndiyo maana daktari mwangalifu huweka kidogo badala ya kujaza kupita kiasi kwa kukisia kitakachopotea.

Ni haki pia nikueleze hatari ya mafuta yenyewe ili usiyaone kuwa hayana madhara kwa vile ni yako. Yakiingia ndani ya mshipa wa ateri yanaweza kusukumwa kinyume hadi kwenye mshipa wa jicho, mtu akapofuka, au yakafika kwenye ubongo na kuleta kiharusi. Ni jambo la nadra, ila mapitio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya kutoka nchi mbalimbali visa 98 vya upofu au kuharibika kwa uwezo wa kuona kutokana na vijazio vya uso, na karibu nusu yake vilitokana na mafuta. Sehemu iliyoongoza ilikuwa ile iliyo katikati ya nyusi, ikifuatiwa na pua. Mwulize daktari wako kama anakusudia kugusa sehemu hizo, anatumia kanula ya unene gani, na ana utaratibu gani iwapo mgonjwa atalalamika kuhusu jicho. Na baada ya upasuaji, ukipata giza la ghafla katika jicho moja, maumivu makali ya jicho, au ulimi kuwa mzito, piga 911 papo hapo bila kusubiri simu ya kliniki.

Mkaazi wa Oakland

Nimeelewa, na nimemwandikia daktari kumwomba mpango wenye hatua mbili: paji, taya na kidevu kwanza, kisha mashavu na mapanja tuyaangalie upya uvimbe utakapokuwa umekwisha na homoni zimepata muda wa kufanya kazi yake. Maswali ya kanula na ya sehemu ya katikati ya nyusi nimeyaweka ndani ya barua hiyohiyo. Barua ya rufaa ya bima tutaianza sasa, kwa sababu karani amenifahamisha kwamba kukataliwa mara ya kwanza si mwisho wa jambo, na nitaleta hapa maneno ya uamuzi watakaoutoa ili wenzangu walio na kampuni hiyohiyo wayatumie.