SSD imeanza kujikokota kama HDD ya zamani, tatizo nini wakuu?

editi_harusi
Wakuu habari zenu, naombeni msaada. Naediti video za harusi na sendofu, mwaka jana nilitoa HDD (diski ya zamani ya sahani inayozunguka) kwenye laptopu nikaweka SSD (diski ya chipu tupu) ya SATA ya GB 480, natumia Windows 10, miezi ya mwanzo ilikuwa raha tupu, hujakaa sawa ishawaka. Sasa hivi nikikopi folda la GB 20 linaanza na MB 300 na kitu kwa sekunde halafu linashuka mpaka 25, 30, linabaki hapohapo, na kurenda (kutoa video iliyokamilika) ndo usiseme. Fundi mmoja kaniambia imekufa ninunue nyingine ila mi naona faili zote zinafunguka fresh tu, hakuna iliyoharibika. Hela ya nyingine sina kwa sasa na kuna harusi mbili natakiwa nikabidhi wiki hii.

mzee_keneli
Usinunue kitu kwanza mkuu. Fungua cmd (lile dirisha jeusi la kuandikia amri) kama administrator uandike hii:

fsutil behavior query DisableDeleteNotify

Tuambie umepata 0 au 1, na kwenye C umebakiwa na nafasi kiasi gani.

editi_harusi
Mstari wa NTFS unasema 1. Nafasi imebaki GB 14. Nakumbuka kuna video niliiona ya kuongeza spidi ya kompyuta nikapesti amri zote walizoandika pale chini, sijui ndo zenyewe?

mzee_keneli
Ndo zenyewe. Hilo jina limekaa kinyume, 1 maana yake TRIM imezimwa, inatakiwa iwe 0.

Ngoja nikueleze maana hili linawaumiza wengi. SSD haiwezi kuandika juu ya data ya zamani kama HDD, lazima ifute kwanza ndo iandike. Shida ni kwamba inaandika kwa kurasa ndogondogo za KB kadhaa lakini kufuta inafuta bloku zima lenye kurasa mamia. Sasa wewe ukifuta video, Windows inachofanya ni kuandika kwenye daftari lake kwamba hiyo nafasi iko wazi, SSD yenyewe haijui chochote, kwake zile GB 60 za harusi ya mwezi uliopita bado ni mali ya mtu, kwa hiyo inazibeba, inazihamisha toka bloku hili kwenda lile kila ikitafuta pa kuandikia, na wewe hapo unasubiri. TRIM ndo ile taarifa ya mfumo kuiambia diski "hizi hazina mwenyewe tena, safisha muda wako". Windows 7 ya 2009 ilikuja nayo, XP na Vista hazikuwa nayo kabisa, na Linux ikaanza kuituma kwenye keneli (kiini cha mfumo) 2.6.33 mwaka 2010.

Fanya hivi, cmd ileile:

fsutil behavior set DisableDeleteNotify 0

Halafu fungua PowerShell kama administrator:

Optimize-Volume -DriveLetter C -ReTrim -Verbose

Hiyo ya pili inaipa diski orodha ya nafasi yote iliyo wazi kwa mpigo, hata ya vitu ulivyofuta kipindi TRIM imezimwa. ILA NAKUOMBA kama kuna kitu ulifuta kwa bahati mbaya na unataka kukirudisha, kirudishe KABLA, baada ya hapo programu za kurikava huwa hazipati kitu.

binti_wa_data
Namuunga mkono mzee ila TRIM peke yake haitamaliza. GB 14 kwenye 480 ni kidogo mno kaka. SSD nyingi za bei nafuu zinatumia sehemu ya nafasi iliyo wazi kama kache ya haraka, diski ikijaa kache inakuwa ndogo, ndo maana kopi yako inaanza kwa kasi halafu inadondoka ghafla. Hamisha kazi zilizokwisha, acha hata GB 80 wazi. Na usiidifragi (kupanga upya vipande vya faili) kwa programu za nje, haiongezi spidi na unaichosha kwa kuandika bure, ile Optimize ya Windows yenyewe inajua hii ni SSD na inatuma TRIM.

editi_harusi
Asante dada, nahamisha sasa hivi. Na ile SSD ya nje niliyoweka kwenye kasha la USB nayo inapata TRIM?

ubuntu_mbeya
Inategemea chipu ya kasha, mengine hayapitishi. Ukiwa na flashi ya Linux buti nayo uandike lsblk -D, ukiona DISC-MAX ni 0B basi hapo haipiti. Kwa wenzangu wa Ubuntu, fstrim.timer inafanya kazi hii kila wiki yenyewe, hakikisheni tu haijazimwa, na mliofunga diski kwa LUKS (ufungaji wa diski kwa nywila) angalieni kama discard, yaani TRIM kwa jina la Linux, imeruhusiwa maana kwa kawaida LUKS inaizuia.

editi_harusi
Wakuu nimerudi. Nimehamisha nikabakiwa na GB 110 wazi, nikawasha TRIM, nikarun ile ya PowerShell, laptopu nikaiacha inawaka usiku kucha. Asubuhi nimekopi folda lilelile la GB 20, halijashuka chini ya 280 mpaka mwisho. Mzee keneli na dada, Mungu awabariki sana, narenda ya kwanza sasa hivi.

mzee_keneli
Safi sana kijana. Rudi kwenye ile video uangalie amri nyingine ulizopesti, zilete hapa tuzipitie moja moja.