Naomba ushauri: kondo la nyuma lina kipande cha pembeni

Habari zenu wapendwa. Nina mimba ya wiki 29, ya pili. Kwenye ultrasaundi ya wiki 21 daktari alinyamaza kwa muda, akarudisha kile kifaa tumboni mara tatu palepale, kisha akasema kondo la nyuma lina kipande kidogo kilichojitenga pembeni, na mishipa ya damu inapita kwenye utando kuviunganisha. Mtoto anakua vizuri na anacheza (usiku ndiyo anazidi).

Nilivyoelewa, hofu kubwa ni mishipa hiyo ikiwa imepita juu ya mlango wa kizazi. Pale haina kinga. Chupa ikipasuka nayo inaweza kuchanika, na damu itakayotoka ni ya mtoto mwenyewe, ambaye hana damu ya kupoteza. Halafu kuna kipande chenyewe kubaki ndani baada ya kujifungua, nikatokwa damu nyingi au kupata maambukizi.

Sasa kwenye karatasi ya majibu hakuna palipoandikwa mishipa iko umbali gani na mlango wa kizazi. Nataka kuomba ultrasaundi ya kupitia ukeni, yenye Dopla (ile inayoonyesha damu inavyopita kwenye mishipa), kliniki ijayo. Niombe hiyo, au kuna kingine cha kuuliza? Mliopitia haya, mlijifungua kawaida au kwa upasuaji wa kupangwa? Na mkunga mlimwambia mapema akague kondo vizuri likitoka?

Mama mkwe anasema niache kusoma sana, lakini usingizi wenyewe sina.