Mjadala: Askari wa Keya wakumbukwe kwa majina Mombasa, au wabaki na mfalme wao?

Mwalimu wa Majengo

Hamjambo nyote. Barazani kwetu tumezozana juu ya jambo hili hadi muuza kahawa akakusanya vikombe vyake akatuacha, kwa hiyo nalileta kwenu. Je, askari wa Keya (KAR, yaani King's African Rifles), wale waliovaa sare ya mfalme wa Uingereza, wastahili kukumbukwa kwa majina katika mji huu? Nasema majina. Mnara wenye sanamu za shaba tunao tayari, pale mjini kati, tangu miaka ya 1920.

Kilichonichokoza ni kisa cha Sajini Nigel Leakey, mwenye Msalaba wa Victoria, nishani ambayo katika jeshi la Uingereza hakuna iliyo juu yake. Mzungu huyu alizaliwa Kiganjo, Nyeri, mwaka 1913. Vita vilipoanza akawa katika kikosi cha sita cha Keya, ambacho askari wake walikuwa watu wa Tanganyika. Tarehe 19 Mei 1941 walikuwa Colito, kusini mwa Uhabeshi, wamevuka mto Billate kwa taabu na kombania mbili tu ndizo zilizoshika ng'ambo, nazo zimeshapungua. Hapo Wataliana wakarudi na vifaru. Keya hawakuwa na silaha ya kupambana na kifaru. Kisha vingine vikatokea nyuma yao.

Leakey akarukia kimoja, akakibandua kifuniko cha juu, akawapiga waliomo kwa bastola, akambakisha dereva na kumlazimisha akiendeshe mpaka mafichoni. Alitaka autumie mzinga wake dhidi ya wenzake, ukakataa. Akashuka, akasema vilivyobaki atavifuata kwa miguu. Viwili vikampita. Akapanda cha tatu, akafungua, akaua mmoja, na kifaru cha nne kikamfyatulia risasi akaanguka. Alikuwa na miaka 28. Nishani yake ilitangazwa Novemba 1945, zaidi ya miaka minne baada ya kufa kwake.

Sasa sikizeni. Maelezo rasmi ya nishani hiyo yanasema kwamba alipoondoka kwa miguu kuvifuata vile vifaru, katikati ya risasi, alifuatana na sajini meja Mwafrika na askari wengine wawili. Basi, hapo ndipo mwisho wao. Watu wanne wamekimbilia vifaru karibu mikono mitupu, mmoja ana jina na nishani, watatu wametajwa kama vile mtu ataje mizigo. Mimi sina ugomvi na Leakey. Ningekuwa pale ningelala kifudifudi. Ninauliza wale watatu.

Bin Mvita

Mwalimu, vita vya Mzungu na Mzungu, sisi twalia nini? Mfalme ni wao, nishani ni yao, mnara ni wao. Wakitaka majina na wayaandike London.

Binti Kaya

Mwalimu shikamoo. Kisa umekisimulia vyema, lakini umeanzia Uhabeshi 1941, na mimi nitakurudisha hapa karibu, Kaloleni, mwaka 1914.

Tarehe 4 Agosti 1914, siku ile ile Uingereza ilipotangaza vita na Ujerumani, serikali ya mkoloni ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Kaya ndiyo iliyokuwa moyo wa Mgiriama, pahali pa wazee, pa viapo, pa maombi ya mvua. Kosa letu lilikuwa nini? Tulikataa kodi ya nyumba, tukakataa vijana wetu kupelekwa mashambani kwa watu, tukakataa kuhamishwa ng'ambo ya Sabaki. Mekatilili wa Menza, mama aliyetuongoza kukataa, alikuwa ameshakamatwa mwaka mmoja kabla, akapelekwa Kisii, akatoroka na kurudi kwa miguu. Nchi ilipochemka, unajua serikali ilimtuma nani? Keya. Ni hao hao walioteremka na bunduki wakachoma nyumba zetu na kuchukua mbuzi. Tuliposhindwa tukatozwa faini, tukaambiwa tutoe vijana wakachukue mizigo ya vita.

Kwa hiyo unaponiambia Keya akumbukwe kwa heshima, nakuuliza, Keya yupi? Yule wa Billate au yule aliyeshika kiberiti Kaloleni? Sare ni moja, mshahara umetoka mfuko mmoja. Bibi zetu walipotaka kunyamazisha mtoto hawakusema simba anakuja, walisema Keya anakuja. Sisi mtu wetu wa kukumbukwa kwa sanamu, Mekatilili, yuko Malindi, na hakupewa nishani na mtu.

Mtembeza Wageni

Dada hapo umegusa. Niongeze la Mji wa Kale, maana kila siku niko karibu na Fort Jesus na wageni, na lile jiwe la kumbukumbu ya Wavell lazima waliulizie.

Arthur Wavell alikuwa Mwingereza mwenye shamba upande wa Nyali, mtu wa vituko. Mwaka 1908 alikwenda kuhiji Makka akijifanya Mzanzibari. Vita vilipofika 1914 akakusanya Waarabu wa hapa Mombasa, wengi wao Mahadhrami, wachukuzi wa maji na vibarua wa bandarini, akawafanya kikosi. Wajerumani walikuwa wakipanda kutoka Vanga kuja Mombasa, na Oktoba ya mwaka ule wakazuiwa Gazi. Wavell akafa Mwele Januari 1916, na vijana wake kadhaa pamoja naye.

Mgeni akiondoka pale ameshika jina moja tu, Wavell. Juzi mmoja aliniuliza wale Waarabu walikuwa kina nani. Nikamjibu ni watu wa mitaa hii hii tunayopita, labda babu wa huyu anayekuuzia halua. Akanitazama kama namtania.

Mimi sitaki lile jiwe liondolewe. Likiondolewa, na hilo swali halitaulizwa tena.

Bin Mvita

Mtembeza, wewe walitetea kwa sababu lakulisha.

Mtembeza Wageni

Lanilisha ndiyo, na haki yangu kusema iko pale pale.

Mjukuu wa Bama

Nimesoma yote nikanyamaza, lakini sasa nitasema, na nitachukua nafasi.

Babu yangu alikuwa mpiga mizinga. Nyumbani Likoni tuna kopo la biskuti, ndani yake mna kitabu chake cha kuachishwa jeshi na nyota moja ya Bama, nishani ya waliopigana Burma. Kitabu kimeliwa na mende pembeni. Jina lake limeandikwa na mtu asiyejua kulitamka, kabila wamekosea, na pahali pa sahihi pana dole gumba ingawa babu alijua kuandika kwa herufi za Kiarabu tangu chuoni. Nyota ina ncha sita na utepe wenye wekundu katikati. Igeuze nyuma, ni tupu. Nyota zile za vita vya pili Mwingereza alizitoa bila kuchonga jina la mtu. Ukiiokota njiani hutajua ni ya nani. Hata yangu, kopo likipotea, babu amekwisha.

Na yeye alikuwa na bahati, alirudi. Bin Mvita, unasema si vita vyetu. Tarehe 6 Februari 1944 meli Khedive Ismail iling'oa nanga hapa Kilindini kwenda Ceylon, Sri Lanka ya leo. Ndani yake mlikuwa na kikosi kizima cha mizinga cha Afrika Mashariki, pamoja na wauguzi wa kike. Siku sita baadaye, karibu na Maldives, nyambizi ya Wajapani ikaipiga. Ilizama kwa dakika chache. Ilikuwa na watu 1,511, wakafa 1,297. Walipanda hapo hapo tunapokula mihogo tukingoja feri. Kuna jiwe gani hapa kivukoni la kuwataja? Uwaulize vijana wa Likoni wangapi wamelisikia jina la meli hiyo.

Tena msidhani wote walikuwa wapenzi wa mfalme. Wengine walichukuliwa na chifu, wengine walifuata mshahara, wengine walikimbia deni. Babu alisema waliambiwa Mjapani akifika Ceylon atafika Mombasa. Hilo halikuwa uongo mtupu, maana mwaka 1942 manowari za Waingereza zilikimbilia Kilindini baada ya Wajapani kuishambulia Colombo.

Na walipomaliza? Mwaka 2019 waandishi wa habari walichapisha hati ya serikali ya kikoloni inayoonyesha kwamba kiinua mgongo cha vita kilihesabiwa kwa rangi ya ngozi. Mzungu aliweza kupata mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Cheo kile kile, nasisitiza. Sasa mtu amepunjwa na Mwingereza kwa sababu ni mweusi, na sisi tumpunje mara ya pili kwa sababu alivaa sare ya Mwingereza?

Mnyeri wa Bamburi

Mimi ni mgeni wenu, kwetu ni huko huko alikozaliwa Leakey. Kuna jambo Mwalimu hakulisema. Baba yake Leakey aliuawa na Mau Mau mwaka 1954. Na miongoni mwa viongozi wa Mau Mau alikuwa Waruhiu Itote, Jenerali China, ambaye alikuwa koplo wa Keya huko huko Bama. Jeshi moja lilimpa mtoto wa mlowezi Msalaba wa Victoria, na likamfundisha Itote msitu. Kwa hiyo habari hiyo ya sare moja ina mambo ndani yake.

Na ardhi. Baada ya vita vya kwanza serikali iliwagawia askari wa Kizungu mashamba kwa mpango maalumu wa mwaka 1919. Keya na wapagazi hawakupewa hata robo eka, na mahali pengine shamba lililogawiwa ndilo walilolimia mama zao.

Bin Mvita

Haya, umenisogeza kidogo. Lakini mbona hakuna Keya Mwafrika hata mmoja aliyepata huo Msalaba? Hawakuwa mashujaa?

Mwalimu wa Majengo

Ndilo swali lenyewe, yakhe. Kwa sheria haikukatazwa, ila nishani ya Keya ilianza kwa ofisa kuandika kwamba ameona, na ofisa alikuwa Mzungu. Tena kwa miaka mingi kulikuwa na nishani ya ushujaa iliyotengwa, yenye jina la Keya, tofauti na ile ya mwanajeshi Mwingereza. Ilidumu hadi 1942. Ukishatengeneza rafu mbili, kila kitu utakiweka kwenye rafu yake. Sajini meja wa Billate aliandikwa ili kutimiza sentensi ya mtu mwingine.

Binti Kaya, nakujibu wewe sasa, maana hoja yako ndiyo nzito hapa na sitaki kuizunguka. Umeuliza Keya yupi. Nami nasema hatuwezi kujua yupi mpaka tujue nani. Mnara wetu mjini una maandishi, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanayoahidi kwamba atakayeipigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Zunguka huo mnara wote utafute hilo jina. Hakuna hata moja! Kujificha huku kunawasaidia wote wawili: shujaa hapati haki yake, na aliyechoma nyumba hapati lawama yake. Shaba haina kabila wala kosa.

Na haikuwa bahati mbaya. Aprili 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola yenyewe ilikiri katika ripoti yake kwamba watu wasiopungua 116,000 wa vita vya kwanza, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, na huenda wakafika 350,000. Wengi ni wapagazi, na humo wamo vijana wa Kigiriama uliowasema, waliotolewa kama faini. Dada, hao ni wenu. Wamelala kwenye mnara ule ule unaoukataa. Leakey hana kaburi lijulikanalo, lakini jina lake limechongwa kwenye ukuta wa kumbukumbu Nairobi, Barabara ya Ngong.

Kwa hiyo pendekezo langu ni hili, mlipige. Kaunti na Makumbusho ya Taifa waombwe wafungue daftari, watu walete vitabu, nyota, barua, chochote kilichomo kwenye makopo, na majina yaandikwe chini ya mnara. Yaandikwe bila sifa, bila "shujaa", bila "mfalme". Jina, kijiji, mwaka, alikofia.

Binti Kaya

Mwalimu, umesema la haki kuhusu wapagazi, na kwa hao nakubali leo hii, usinisubirishe. Bibi yangu alikuwa na mjomba aliyekwenda na mizigo upande wa Taveta hakurudi, na hatujui hata mwaka.

Lakini usinipe Keya na mpagazi kwenye mstari mmoja. Mmoja alishika bunduki, mwingine alishikwa. Nataka upande wa wapagazi uwe peke yake, na utangulie. Na pembeni paandikwe Kaya Fungo, 4 Agosti 1914, kwa Kiswahili na Kigiriama. Wakikataa hilo, mimi ndiye nitakayekuja kuyafuta hayo majina mengine.

Mjukuu wa Bama

Kaya Fungo iandikwe, sina neno. Kutangulia ndiko sikukubali. Babu hakuchoma nyumba ya mtu, alizaliwa 1921.

Mtembeza Wageni

Na lile jiwe la Wavell? Waarabu wake mnawaweka wapi, kwa Keya au kwa wapagazi? Msije mkasahau watu wa Mji wa Kale, kisha tuanze upya.

Bin Mvita

Jumamosi baada ya alasiri nitakuwa barazani kwa Mwalimu. Mwenye kopo aje nalo. Mimi bado sijakubali, nataka kuona hicho kitabu cha dole gumba.