Mchezaji aliyeumia apewe dawa zilizokatazwa ili arudi uwanjani? Mjadala kutoka Lubumbashi

Kaka wa winga, Katuba

Naleta swali hili kwa wote wanaopenda mpira hapa Lubumbashi, maana limelala nyumbani mwetu tangu mwezi wa nane na halitaki kutoka. Mchezaji akiumia, ni halali apewe dawa iliyokatazwa ili arudi haraka? Wanaoitetea wanasema si kwa ajili ya kuwazidi wenzake nguvu, ni kwa ajili ya kupona tu.

Mdogo wangu ana miaka 19, anacheza winga ya kushoto. Mwezi ule kiwanja kilikuwa kimekauka, vumbi jekundu linaingia mpaka mdomoni. Akageuka na mpira, goti likapinda. Hakuna aliyemgusa. Usiku ule goti lilivimba likawa kama papai. Siku ya tatu kiongozi mmoja wa klabu yake alimpeleka farmasi moja, akachomwa sindano ya tako, akaambiwa ni vitamini ya mifupa. Kichupa alikitia mfukoni. Nimekisoma mwenyewe: triamcinolone, miligramu 40. Hakupigwa picha, na hakuna daktari aliyelishika goti lile hata kwa kidole.

Siku nane baada ya sindano alicheza. Uvimbe ulikuwa umekwisha, maumivu hayapo, tukashangilia, na mimi nilishangilia. Mechi tatu akamaliza vizuri. Ya nne, goti likamtoka tena, na safari hii halikurudi. Leo akishuka ngazi za nyuma ya nyumba kwenda bombani anageuka na kushuka kinyumenyume kama mtoto anayejifunza kutembea, mkono mmoja ukutani, bidoni mkono wa pili.

Tangu siku hiyo nasoma. Dawa ile ni ya kundi la kortizoni. Inazima uvimbe, lakini haishoni ligamenti, ile kamba inayoshikanisha mifupa, iliyochanika ndani ya goti. Kwenye orodha ya WADA, shirika la dunia linalopambana na dopingi, yaani matumizi ya dawa zilizokatazwa michezoni, sindano zote za kundi hilo zimekatazwa siku za mashindano tangu Januari 2022. Ikichomwa kwenye msuli, triamcinolone inahesabiwa siku 60 kabla mchezaji hajawa salama kupimwa. Yeye alirudi siku ya nane.

Mimi naona hivi: pale farmasini klabu ilinunua tarehe ya mechi, na goti la mdogo wangu ndilo lililolipa. Kwa hiyo nasema hapana. Lakini najua wengi hapa wameyapitia, na wapo watakaonipinga. Karibuni.

Beki wa zamani, Kamalondo

Mdogo wangu, pole sana kwa winga wetu. Mungu amsimamishe. Lakini nakupinga, na nakupinga nikiwa na magoti mawili mabovu.

Umeandika kama vile mchezaji ana nafasi ya kuchagua. Mimi nililipwa primi, posho ya mechi, nikicheza. Nikikaa, hakuna primi, na kodi ya nyumba haijui kwamba nimevimba. Mchimbaji wa huku kwetu akiumwa mgongo anameza dawa na kushuka shimoni, hakuna anayempima mkojo jioni. Kwa nini mfanyakazi wa mpira ndiye anyimwe dawa?

Halafu hizo sheria zenyewe. Kuna tiba ya kumtoa mtu damu, kuizungusha kwenye mashine na kumrudishia sehemu yenye chembe za kugandisha. Mwaka 2010 WADA waliikataza kuchomwa kwenye msuli, mwaka 2011 wakaitoa kwenye orodha. Jana dhambi, leo tiba! Na Messi alichomwa homoni ya ukuaji akiwa mtoto, Barcelona wakamlipia. Wa Ulaya ana mashine, ana bwawa la kufanyia mazoezi, ana watu watatu wa kumshika mguu. Sisi dawa yetu ilikuwa barafu ya muuza samaki, na ukichelewa amekwisha kuiuza yote.

Sisemi apewe kila mtu. Nasema yule aliyepasuliwa goti, paja likakauka likawa kama mkono, apewe steroidi, dawa ya kujenga msuli, kidogo mbele ya daktari, msuli urudi, basi. Akifika pale alipokuwa kabla ya kuumia, dawa ikome. Hapo amemwibia nani?

Mama wa viungo, Kampemba

Yaya Beki, kaka yetu mkubwa, nakuheshimu, nilikuona ukicheza. Mimi nawanyoosha waliovunjika, mwaka wa 14 huu, kwa hiyo niruhusu nitenganishe vitu, kwa sababu mjini kila kitu kinaitwa dopingi au kila kitu kinaitwa vitamini.

Diclofenac, ibuprofeni na paracetamoli hazikukatazwa. Huyo mchimbaji wako na mchezaji wako wako sawa hapo. Tramadol imekatazwa siku ya mashindano tangu Januari 2024, na naiona mifukoni mwa vijana wanaokuja kwangu, wanaitoa bila hata kuficha. Kortizoni daktari anaweza kuichoma ndani ya kiungo, kwa sababu inayoeleweka na kwa nadra. Kuirudiarudia ni jambo jingine. Mwaka 2017 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa wagonjwa 140 wenye goti lililolika: kundi moja lilichomwa triamcinolone kila wiki 12 kwa miaka miwili, kundi la pili maji ya chumvi. Maumivu hayakutofautiana. Gegedu, ile tabaka laini inayofunika ncha za mifupa, la waliochomwa dawa ndilo lililopungua zaidi. Hao walikuwa wagonjwa wa goti la uzee, si mawinga, lakini gegedu ni gegedu.

Sasa steroidi, maana hapo ndipo hoja yako ilipo. Mgonjwa wangu aliyepasuliwa ligamenti nampima paja kwa utepe wa fundi cherehani, naweka alama ya kalamu juu ya kifuniko cha goti, mguu mzima kwanza, kisha ule ulioumia. Tofauti ya sentimita tatu, nne, ni kawaida. Inarudi polepole, na mtu analia. Ni kweli steroidi ingeujaza msuli haraka zaidi. Lakini ligamenti mpya iliyopandikizwa haisikii haraka hiyo. Inahitaji miezi, tisa mara nyingi, ili ishike. Unampa kijana paja la farasi juu ya kamba ambayo bado ni uzi, halafu unamwambia akimbie. Na ukiikatisha dawa, mwili uliokuwa umeacha kujitengenezea testosteroni yake, homoni ya kiume, unabaki mtupu kwa muda. Ini na moyo navyo vina hesabu zao. Kwa mtoto ambaye bado anarefuka, mifupa inaweza kufunga mapema, na urefu ukaishia hapo.

Kuhusu "akifika pale alipokuwa, dawa ikome": nani atapima? Msuli uliojengwa kwa dawa hauna mlango unaofungwa siku ya kupona.

Messi alikuwa na upungufu, mwili wake haukutengeneza homoni ya kutosha. Kwa watu kama hao kuna ruhusa ya matibabu. Daktari aonyeshe ugonjwa wenyewe, aonyeshe kwamba hakuna dawa nyingine inayokubalika, kwamba dawa itamrudisha mtu kwenye afya yake ya kawaida bila kumzidisha, na kwamba ugonjwa haukutokana na dopingi ya zamani. Mlango upo. Hata dharura ina njia yake, karatasi zinaweza kufuata baadaye.

Mama muuza unga, Ruashi

Nimesoma mpaka mwisho. Mwanangu ana miaka 16, ni kipa. Mnazungumza miezi tisa. Miezi tisa hiyo anakula bukari, ugali wetu, ya nani? Mimi nitamlisha, ni mwanangu. Lakini klabu iliyomchukua kwangu akiwa mzima, mbona hamkuitaja? Wakati wa kumchukua walikuja na soda na biskuti, wakaniita mama.

Mwanafunzi wa sheria, UNILU (Chuo Kikuu cha Lubumbashi)

Mama amegusa penyewe. Niongeze upande wa sheria.

Kanuni ya dunia ya kupinga dopingi inasema kilichopatikana mwilini mwako ni chako, hata kama hukujua. Kipa wa Kameruni, André Onana, alipatikana na furosemide, dawa ya kuongeza mkojo iliyokatazwa, akaeleza kwamba alimeza dawa ya mkewe kwa makosa. Mwaka 2021 alifungiwa miezi 12, mahakama ya michezo ya Lausanne, Uswisi, ikapunguza hadi 9. Kiungo wa Ufaransa, Paul Pogba, alitoka kwenye msimu wa majeraha, akapimwa Agosti 2023, akakutwa na dawa iliyokatazwa, akafungiwa miaka 4 na baadaye ikawa miezi 18. Yeye alisema ni kirutubisho alichopewa na daktari wa Marekani. Wote wawili walikuwa na mawakili. Winga wa Katuba akipimwa, nani atampeleka Lausanne?

Na karatasi za kutungwa haziokoi. Mkenya Diana Kipyokei alivuliwa ushindi wa marathoni ya Boston ya 2021 kwa sababu ya triamcinolone, hii hii tunayoizungumza. Nyaraka za hospitali alizotoa kujieleza zikaonekana si za kweli, akafungiwa miaka 6.

Lakini kuna kitu ambacho viongozi wetu hawakitangazi. Kanuni hiyo hiyo inamhesabu pia anayemchoma mchezaji. Kumpa mchezaji dawa wakati ambapo imekatazwa ni kosa lake mwenyewe mtoaji, awe kocha, daktari au kiongozi, na adhabu inaanzia miaka 4 na inaweza kufika maisha. Kwa hiyo ndugu wa Katuba, usimwachie mdogo wako peke yake mzigo huu. Kichupa mnacho bado?

Beki wa zamani, Kamalondo

Mama wa viungo, kwenye steroidi umenishinda, nakubali. Hili la kamba kuwa bado uzi sikuambiwa na mtu maishani mwangu. Goti la kulia lilinitoka mara ya pili hivyo hivyo, nikiwa na paja zuri.

Lakini la njaa hamjalijibu. Ruhusa ya matibabu inaombwa na daktari. Klabu ngapi za Antanti, ligi yetu ya mji, zina daktari? Mwenzetu anayeshika begi la dawa mara nyingi ni yule yule anayefua jezi.

Kaka wa winga, Katuba

Yaya Beki, la begi la dawa ni kweli tupu. Kwetu ni hivyo hivyo: bandeji moja, chupa ya spiriti, na vidonge visivyo na karatasi. Na kwenye ile tiba ya damu umenifunga: orodha inaandikwa na watu, na watu hubadili mawazo. Sitetei orodha kama Biblia. Lakini ukisema mchezaji hana nafasi ya kuchagua, basi na sindano hakuichagua. Mtu mwenye njaa akipewa sindano na anayeshika primi yake, hapo siwezi kusema amekubali. Mkiihalalisha kwa ajili ya kupona, kesho kila aliyeumia ataambiwa mwenzako alichomwa akarudi, wewe unangoja nini?

Kinachonitesa ni kwamba maumivu yalikuwa yanamwambia ukweli, nasi tukayanyamazisha. Gabriel Batistuta, mshambuliaji yule wa Argentina, alistaafu mwaka 2005 na baadaye akasimulia kwamba miguu ilimuuma mpaka akamwomba daktari aikate. Huyo alikuwa na pesa zote na madaktari wote.

Mama wa Ruashi, nimesikia. Nikienda kwa viongozi nitadai kitu kimoja: mchezaji aliyeumia akiwa na jezi yao aendelee kupata nusu ya primi mpaka mtu kama Mama wa viungo aseme goti limeshika. Nusu tu. Hiyo nusu ndiyo ingemweka mdogo wangu kwenye kiti mwezi wa nane.

Mwanafunzi, kichupa kipo. Amekifunga ndani ya soksi ya mechi, chini ya godoro. Jana nilimwambia akitoe, akanikatalia, anasema wakijua hawatampokea tena. Bado anadhani atarudi Januari.

Yaya Beki, nikuulize wewe uliyecheza. Ungelipwa hiyo nusu ukiwa umekaa, ungekubali sindano?

Beki wa zamani, Kamalondo

Mechi za kawaida, hapana, ningekaa. Ile ya kupanda daraja, uwanja umejaa, mama yangu yuko jukwaani, sijui mdogo wangu. Nisikudanganye. Ningetaka awepo mtu wa kunikatalia.